Mihogo Migumu ya Kijito cha Kalenge

Kyamwilu, 12 Mei 1974

Mwanangu Mbayo,

Kosa wanalofanya watu wengi kitu kinapoharibika ni kuuliza "nani?" kabla ya kuuliza "wapi?". Ukiuliza wapi, utatembea, utatazama, na mwishowe pengine utampata na huyo nani. Ukianza na nani utampata mara moja, maana watu wa kulaumiwa hawakosekani, na kitu chenyewe kitabaki kimeharibika. Nitakueleza kwa nini nimeanza hivi. Kwanza salamu, nisije nikasemwa kwamba mwalimu alipostaafu, adabu yake nayo ilistaafu.

Huku tu wazima. Mke wangu Fidélie anakusalimu. Kwenye kitambulisho chake kipya ameandikwa jina la kikwetu kama sheria inavyotaka, lakini akiitwa hilo hageuki. Mahindi yamevunwa. Chifu ameshona abacost, ile suti ya chama isiyo na tai, na sasa anatembea polepole ili sote tuione.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mihogo yetu ni michungu, na kwamba isipolowekwa kijitoni mpaka ilainike, bukari, ugali wake, ni sumu. Tangu mvua zipungue, mihogo katika dimbwi letu la kuloweka hailainiki. Inakaa majini kama magogo, hainuki, haichachuki. Akina mama wasio na subira waliisaga hivyo hivyo, na watu watatu wamelala wakitapika na kuona kizunguzungu.

Nilitegemea watu waende kutazama maji. Hawakwenda. Walikwenda kwa mdogo wako Banza, wakamwambia ni mke wake. Unamjua Tshibola, wewe ndiye uliyemposa kwa niaba ya Banza kwa babake, Tata Ngeleka, yule mtu wa Kasai anayefanya kazi ya reli kule gare, stesheni ya Mutshatsha. Aliingia kijijini baada ya Pasaka. Mihogo ilianza kukataa baada ya Pasaka. Kwa Mama Numbi, mkubwa wa waloweka mihogo, hiyo ni hesabu iliyokwisha. Alisema mbele ya wote: "Uyu mutoto wa Kasai anaingiaka mu mayi yetu na mambo ya kwabo. Aondoke, mihogo italegea."

Banza amejibu hivi: "Kaka yangu iko mukemia. Akisema ni mayi, mi naamini. Asiposema, bibi atarudia kwa baba yake."

Kwa hiyo mambo yako mikononi mwako. Nyuma ya kilima chetu kipo kiwanda cha Solavema kinachoosha mawe ya shaba, na maabara ya Solavema iko Lubumbashi, na katika maabara hiyo umo wewe. Nakutumia chupa moja ya maji ya dimbwi kwa mkono wa Aruna, mwenye lori la samaki wakavu. Tuambie mna nini humo.

Tata yako mdogo,
Mukalay

*

Lubumbashi, 16 Juni 1974

Tata mdogo mheshimiwa,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Sisi pia hatujambo. Watoto wanasoma. Kampuni imetupa nyumba mpya yenye bustani mbele, na mwezi uliopita tumenunua frigo, jokofu jipya. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi.

Chupa nimeipokea. Lazima nikueleze, kwa heshima zote, kwamba haikuwa chupa ya maabara. Ilikuwa chupa ya bia ya Simba, na kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi. Kisayansi hiyo siyo échantillon. Kwa kawaida sampuli huchukuliwa na agent wa kampuni aliyefunzwa, akiwa na ordre de mission, yaani karatasi ya kutumwa kazini, na chupa iliyosafishwa kwa maji maalumu. Bila hivyo maabara haiwezi kutoa matokeo.

Kuhusu mihogo, zipo sababu nyingi. Pengine ni mbegu. Pengine ni baridi. Pengine akina mama wamebadilisha namna ya kumenya. Nashauri subira.

Kuhusu shemeji Tshibola, nasikitika. Mambo ya akina mama ni magumu, na mimi niko mbali.

Tafadhali barua zijazo zipelekwe nyumbani, si ofisini.

Mwanao,
Mbayo

*

Kyamwilu, 14 Julai 1974

Mwanangu Mbayo,

Hongera kwa frigo. Fidélie anauliza kama mnaweka ndani yake majibu ya barua, maana yanafika yakiwa baridi.

Hapa hatujambo, ila goti langu linajua kwamba huu ni Julai. Chifu amefanya sherehe ya animation, tumecheza na kuimba kwa ajili ya chama mpaka viatu vyangu vikafunguka. Niliona jambo moja siku ile ambalo ningependa ulifikirie. Wakati wa kucheza sisi ni citoyens, wananchi. Wakati wa salongo, tukilima barabara bure, sisi ni citoyens. Ikifika siku ya kutazama maji tunayokunywa, tumekuwa population, watu wa kuhesabiwa tu, na tunasubiri agent mwenye ordre de mission.

Sasa kuhusu ile chupa ya bia. Niliiosha mara nyingi kwa maji ya kijito kilekile kabla ya kuijaza, kwa hiyo kama ilikuwa chafu, ilikuwa chafu kwa uchafu tunaouulizia. Lakini sitabishana. Umesema chupa yetu haisemi kweli. Basi tumetafuta kitu ambacho hakijui kusema uongo, nacho ni muhogo.

Nikueleze, ingawa wewe ni mkemia. Muhogo haulainishwi na maji. Hulainishwa na vijidudu visivyoonekana vinavyoishi majini, ndugu za vile vinavyochachusha kinywaji chetu cha munkoyo. Vikiwa hai, muhogo unalegea na kunuka. Vikifa, muhogo unakaa. Kwa hiyo kila mama anayeloweka mihogo ana maabara, tena isiyodai kizibo.

Niliwaambia akina mama siku ya salongo, tukiwa tumekaa kwenye daraja tukingoja majembe ambayo chifu aliahidi na hayakuja. Nikawaambia tuchukue mihogo ya shamba moja, lundo moja, vikapu vya namna moja. Tshibola ajaze viwili kwa mikono yake, kimoja kiwekwe dimbwi la chini tulilozoea, kingine kiwekwe juu ya daraja, upande maji yanakotoka, ambako hatuloweki kwa sababu ya mawe. Mama Numbi naye afanye vilevile.

Mama Numbi alinitazama kama mtu anayetazama mwanafunzi mzito. "Mwalimu, mi sitaki masomo. Minataka haya yake ionekane ku macho ya batu bote."

"Basi itaonekana," nikasema. "Kama ni mikono yake, vikapu vyake vyote viwili vitakuwa vigumu, na vyako vyote viwili vitalegea."

"Sawa kabisa. Leta bikapu."

Jaribio la kwanza liliharibika, maana vikapu vya juu viliwekwa mahali penye maji kidogo na mbuzi wa chifu wakala sayansi yote. La pili tulilizungushia miiba. Siku ya kufungua, nusu ya kijiji ilikuwa kijitoni, pamoja na wale wasiojua kuloweka hata nguo. Vikapu vya juu vilikuwa laini vyote viwili, cha Tshibola na cha Numbi. Vya chini vilikuwa vigumu vyote viwili, cha Tshibola na cha Numbi.

Kisha Mama Numbi akasema: "Ameloga na yangu."

Fidélie akamuuliza: "Na ile ya juu, mbona imelegea?"

"Ile alisahau."

Watu walicheka, lakini usidhani kicheko kinatosha. Waliocheka walirudi nyumbani wakiwa wanaamini walichoamini asubuhi, ila kwa sauti ndogo zaidi. Nilitaka turudie, tubadilishe mikono na vikapu, vifunikwe majani asijue mtu kipi ni cha nani. Kitu kilichoonekana mara moja ni bahati. Kikionekana tena na tena ndipo kinaanza kuwa kweli.

Banza hakungoja. Barua yako ilikuwa imefika. Aliisoma mwenyewe, akaisoma tena, akitafuta neno "maji" mahali ambapo wewe uliandika "subira". Akasema: "Kaka yangu hakusema ni mayi." Wiki iliyopita alimpandisha Tshibola treni, na sanduku lake, na sufuria alizokuja nazo. Tshibola hakulia. Aliuliza tu kama mtu ataendelea kutazama vikapu vyake.

Mwanangu, nakuuliza tena, na safari hii bila chupa. Solavema inafanya nini na maji inayooshea mawe?

Tata yako mdogo,
Mukalay

*

Lubumbashi, 18 Agosti 1974

Tata mdogo,

Salamu kwa wote. Watoto walikuwa na surua, sasa wamepona. Mke wangu amepata kazi ya kushona sare za shule.

Nimesoma barua yako kwa masikitiko. Nakuomba kama mwana: acheni majaribio hayo. Sayansi si mchezo wa vikapu. Inahitaji vyombo na watu compétents, waliosomea. Aruna alisimulia habari zenu sokoni, tena kwa kuigiza, na msemo wa "mbuzi wamekula sayansi" umefika mpaka kwenye korido zetu. Mkurugenzi aliniuliza kama huyo mwalimu mzee ni ndugu yangu. Nilisema ukoo wetu ni mkubwa.

Pia si haki kuishuku kampuni kwa kila kitu. Huo mfereji wa kuelekea kijito cha Kalenge ni wa muda tu, umefunguliwa mwezi wa nne kwa sababu beseni la zamani la maji machafu limejaa, na wakubwa wamesema utafungwa. Kwa hiyo hakuna haja ya kelele.

Agent atakuja kuona. Mpokeeni vizuri. Kwa sasa mnaweza kuloweka mihogo katika pipa nyumbani.

Mambo ya Banza na mke wake ni ya nyumba yao.

Mbayo

*

Kyamwilu, 8 Septemba 1974

Mwanangu Mbayo,

Tunashukuru Mungu kwa watoto kupona. Fidélie anasema surua ikiisha, macho yaangaliwe. Nami nasema hivyo hivyo kwa baba yao.

Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi, nikafika kwenye neno "mfereji", nikasimama. Mfereji gani? Nimetafuta nakala za barua zangu, maana mwalimu huweka nakala. Nimekuandikia kuhusu mihogo, dimbwi, daraja, kiwanda na mbuzi. Kuhusu mfereji sijawahi kuandika neno, kwa kuwa sikujua kama upo. Hakuna mtu Kyamwilu aliyejua. Tumekuuliza miezi minne, hukutujibu. Ulipoanza kuwatetea ndipo ulipotujibu.

Nisiwe mkali kuliko ilivyo haki. Tulikuwa karibu kuufikia. Baada ya Tshibola kuondoka, dimbwi la chini liliendelea kuua mihogo kama kawaida. Hapo ndipo hata wagumu walipoanza kujikuna kichwa. Mchawi ameshuka Mutshatsha na sanduku lake, na mihogo bado migumu. Kisha Mama Numbi akaja mlangoni kwangu na vikapu kichwani.

"Mwalimu, tuweke kila kona."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu minakasirika. Nilikasirikia mutu, sasa sijui nikasirikie nini."

Huo, mwanangu, ndio mwanzo wa elimu, na sikuwahi kuufundisha vizuri hivyo darasani. Tuliweka kikapu kidogo katika kila kona ya kijito, kuanzia dimbwi la chini kupanda mpaka darajani. Kila mama alipewa kona yake ya kutazama, na yule aliyekuwa na ugomvi na jirani yake alipewa kona ya jirani, ili asimfichie. Vya chini vigumu, vigumu, vigumu, kisha ghafla laini. Kati ya kigumu cha mwisho na laini cha kwanza pana matete marefu ambayo hakuna mtu anayeingia, kwa sababu ya nyoka. Barua yako ilifika siku hiyohiyo. Nikaisoma kwa sauti mpaka neno "mfereji", na Mama Numbi akachukua panga.

Upo hapo. Umefunikwa na matete, maji yake yana rangi ya kijani nzuri, rangi ambayo mtu angependa kuitia kitambaani. Kandokando yake chura hata mmoja hakuna. Huko nyuma tulidhani kijito kimeharibika baada ya Pasaka kwa sababu ya bibi arusi. Kumbe Pasaka iliwaleta wawili, bibi arusi na mfereji, na mvua zilipokuwa nyingi hatukuona, kisha kiangazi kikapunguza maji na kuiacha sumu peke yake. Vitu viwili vikifika siku moja, watu humkamata aliye rahisi kufukuza.

Akina mama wamehama wote, wanaloweka juu ya daraja. Wametoa mawe wenyewe. Wameweka sheria: hakuna kuosha nguo huko, hakuna mbuzi, na kikapu cha kutazamia kinabaki dimbwi la chini mwaka mzima ili tujue maji yakipona. Chifu alisema sheria hiyo ni yake. Tumemwachia.

Lakini nyumba ya Banza ni tupu. Anapika mwenyewe, tena vibaya. Nilimwambia maji yamejulikana, aende akamchukue mkewe. Akasema: "Kaka hajasema." Anaona haya, na haya hiyo ameifunga kwenye mdomo wako. Nakuomba uandike mstari mmoja tu: ni maji.

Tata yako mdogo,
Mukalay

*

Lubumbashi, 29 Septemba 1974

Tata mdogo,

Sisi wazima.

Siwezi kuandika huo mstari. Nyumba ni ya kampuni. Shule ya watoto inalipwa na kampuni. Karatasi yenye jina langu inaweza kufika mahali.

Naomba watoto wasioge pale chini. Msinywe, hata mkichemsha. Bustani zenu zilizo kandokando ya maji hayo, msile mboga zake mwaka huu. Usiniulize kwa nini.

Banza ana akili zake. Angeweza kwenda bila mimi.

M.

*

Kyamwilu, 13 Oktoba 1974

Mwanangu Mbayo,

Barua yako ni fupi kuliko zote, na ndiyo ya kwanza iliyotoka kwa mkemia. Nimewasomea akina mama mistari ile mitatu bila kusema imetoka kwa nani. Bustani za chini zimeachwa. Watoto wamechapwa kidogo na kuambiwa sana. Nakushukuru, na sisemi hivyo kwa kukudhihaki, ingawa nimekuzoeza vibaya.

Sisi hatujambo. Mawingu yameanza. Wiki chache zijazo kijito kitajaa, rangi ya kijani itapotea, na mtu akija na chupa ya maabara, iliyooshwa kwa maji maalumu, ataona maji mazuri kabisa. Ndiyo maana nilikuwa na haraka nawe.

Agent wenu alikuja. Alifika na gari, koti jeupe na kalamu mbili mfukoni. Hakuingia matete kwa sababu ya viatu. Aliandika kwamba mihogo ya population ni ya mbegu dhaifu. Tulimpokea vizuri kama ulivyoagiza. Mama Numbi alimpikia samaki, akamwekea mezani mabonge mawili ya bukari, akamnawisha mikono kwa heshima zote. Yule bwana akasogea, akatazama chakula, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, hii mihogo muliloweka wapi?"

"Bonge hii ya juu ya daraja," Mama Numbi akasema. "Hii ingine ya dimbwi ya chini. Kula tu, tata. Ni mbegu yetu dhaifu."

Akala la juu lote. La pili hakuligusa, akasema ameshiba. Watu walikuwa dirishani, mlangoni na juu ya ukuta, na wote waliona. Sina hakika kama mfereji utafungwa. Nina hakika kwamba tangu siku ile hakuna mtu Kyamwilu anayetamka jina la Tshibola pamoja na mihogo. Usimhurumie sana agent: lile bonge la pili lilikuwa la juu vilevile. Mama Numbi hajawahi kumpa mgeni sumu, ila alitaka kuona anajua nini.

Mama Numbi mwenyewe alitaka kwenda Mutshatsha kuomba msamaha. Nilimzuia, si kwa sababu hastahili kuomba, bali kwa sababu ya desturi, na wewe unaijua. Aliyempeleka mwanamke kwenye ndoa ndiye anayemfuata akirudishwa. Mume akienda peke yake, baba mkwe atamweka kibarazani na kumrudisha jua likizama bila kumsikiliza. Jirani akienda, ni matusi. Kwa Tata Ngeleka ulikwenda wewe. Ulikaa kwenye kiti chake, ukala kuku wake, ukasema mdomo wako ndio dhamana ya binti yake. Banza hawezi kwenda bila wewe, hata akili zake zingekuwa nyingi kuliko zilivyo.

Nimefikiri sana juu ya ile nyumba ya kampuni na shule ya watoto. Si mambo madogo, na mimi nilipokea mshahara miaka mingi kwa kuwafundisha watoto nyimbo nisizoziamini. Kwa hiyo karatasi sikuombi tena. Maneno yanayosemwa kibarazani mwa mfanyakazi wa reli hayagongwi muhuri, na hakuna mkurugenzi atakayeyasoma. Utamwambia ni maji, utamwambia kilichomo, kwa lugha ya kemia kama inakupa nguvu. Mzee yule ameendesha mashine maisha yake yote, ataelewa. Kisha utanyamaza, umngoje Tshibola aamue mwenyewe kama bado anatutaka. Anaweza kukataa. Hiyo nayo mtaisikiliza mkiwa wawili, Banza na wewe. Tayari amevaa shati safi, anakungoja gare ya Kolwezi, na Aruna amemwambia ni siku gani barua hii itakufikia.

Siku unayoisoma barua hii ndiyo siku aliyoambiwa. Mimi tata yako Mukalay nakuambia: funga frigo, nenda gare, ukate tiketi ya Mutshatsha.